Michael Faraday na Ubao Wetu wa Mbale

Mimi nilizaliwa Jinja, karibu na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo huitwa Nalubaale. Tangu utotoni nilijua kwamba umeme hutoka pale, lakini sikujua ni nani aliyegundua njia ya kuupata. Mtu huyo nilimjua nilipokwenda kusoma Mbale, tena siku ya fedheha yangu.

Chama chetu cha sayansi kilitaka chombo cha kupima joto katika mashine ya kutotolea vifaranga. Ubao wa maikrokontrola uliokwisha kuundwa ulizidi fedha zetu, basi tukachanga tukanunua vipande: chipu ya ATmega328 yenye miguu 28, kristali, kapasita, rezista, na kipande cha kupunguza volti 9 za betri ziwe 5. Kazi ya kuunganisha nilipewa mimi. Kwa haraka yangu nikaifunga betri moja kwa moja kwenye chipu. Ikaungua, na mchango wa wenzangu ukaungua nayo. Nikaazimia kutoka katika chama, nikawa najificha maktabani. Huko ndiko nilikosoma habari za Michael Faraday.

Alizaliwa London mwaka 1791, mtoto wa mhunzi maskini. Shuleni alifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Alipopata miaka 14 akawa mwanagenzi wa mtu aliyejalidi vitabu, na vitabu vilivyopita mikononi mwake alivisoma. Mwaka 1812 aliunda betri kwa sarafu saba za nusu peni, visahani saba vya zinki, na karatasi sita zilizoloweshwa maji ya chumvi. Mwaka huohuo alisikiliza hotuba za Humphry Davy, mwanasayansi mashuhuri, akaandika aliyoyasikia, akayajalidi mwenyewe na kumpelekea. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa Davy katika Royal Institution.

Mwaka 1821 alifaulu kuufanya umeme uzungushe waya kando ya sumaku. Sasa akataka kinyume chake, yaani sumaku izae umeme. Alijaribu asifaulu, hata ikapita miaka 10. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili, akizitenga nyaya kwa uzi na kitambaa cha kaliko. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano ya upande wa pili ikacheza. Oktoba alisukuma sumaku ndani ya waya uliosokotwa, akapata umeme. Ndivyo ilivyo Nalubaale: maji ya Nile huzungusha mitambo, sumaku huzunguka karibu na nyaya, na taa huwaka.

Faraday alikataa urais wa Royal Society mara mbili. Alifariki mwaka 1867.

Likizo ilipofika nilimchumia mjomba wangu kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon, nikanunua chipu ya pili kwa ujira wangu. Safari hii nilipima kila waya kabla ya kufunga betri. Tukaazima ubao wa mwalimu ili kuipa chipu programu. Kitaa chekundu kikawaka, kikazima, kikawaka tena, na wenzangu wakanisamehe.

Ndugu zangu mnaotufuata, mkiunguza chipu, msikimbie chama. Ila volti zipimeni kwanza.