Mjerumani aliyeachia shakwe wetu jina lake

Kaskazi ikivuma, ukisimama pale mto Sabaki unapoingia baharini, kati ya Malindi na Mambrui, utawaona shakwe wakubwa wenye mgongo wa kijivu kilichokoza na miguu ya njano. Sisi twawaita shakwe, basi. Wataalamu wanawaita shakwe wa Heuglin. Niliposikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni mahali. Kumbe ni mtu.

Theodor von Heuglin alizaliwa mwaka 1824 huko Württemberg, Ujerumani, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Alisomea madini, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Akaenda Misri, akajifunza Kiarabu, na mwaka 1852 akawa katibu katika ubalozi mdogo wa Austria mjini Khartoum. Mwaka uliofuata mkubwa wake alifariki baada ya safari ya Uhabeshi, na Heuglin akakishika kiti chake. Mwaka 1857 alizunguka Bahari ya Shamu na pwani ya Wasomali. Kwetu hakufika.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1861. Wafadhili Ujerumani walimtuma aongoze msafara wa kumtafuta Eduard Vogel, msafiri aliyepotelea Wadai. Badala ya kuelekea magharibi, Heuglin akapinda kwenda Uhabeshi, akafika hadi kwa Mfalme Tewodros. Wafadhili walikasirika wakamvua uongozi. Mimi siwalaumu. Mtu amepotea, ndugu zake wanangoja habari, nawe wafuata njia yako! Kwa kweli Vogel alikuwa ameshauawa tangu 1856, lakini Heuglin angejuaje?

Aibu ile haikumrudisha nyumbani. Mwaka 1863 yeye na rafiki yake, daktari Steudner, waliungana na Alexine Tinne, bibi tajiri wa Kiholanzi, kwenda Bahr el Ghazal. Homa iliwamaliza. Steudner alikufa, mama yake Alexine akafa. Heuglin aliugua akapona, na katika hali hiyo bado aliandika habari za ndege. Kitabu chake juu ya ndege wa Afrika ya kaskazini-mashariki kilianza kutoka mwaka 1869.

Halafu mtu huyu wa joto na homa akaelekea kwenye barafu: Spitsbergen mwaka 1870, Novaya Zemlya mwaka 1871. Huko kaskazini mwa Urusi ndiko wanakozaliana shakwe wetu kabla ya kushuka Oman, Ghuba na pwani hii. Mwaka 1876 daktari Mwingereza, Bree, alimwita ndege huyo kwa jina la Heuglin. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Heuglin alifariki Stuttgart akiwa na miaka 52.

Sasa, yeye alikuwa mtu wa kutenganisha: huyu ni huyu, yule ni yule. Lakini ndege aliyebeba jina lake hatenganiki kirahisi. Ana nduguye wa Finland na nchi jirani, mweusi ti mgongoni; na mwingine wa Uingereza, wa kijivu. Rangi zinapishana kidogo kidogo kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 1942 Ernst Mayr alieleza kwamba jamaa za shakwe wakubwa zimeizunguka ncha ya kaskazini kama mnyororo, na zinapokutana Ulaya miisho yake miwili haioani tena. Ilifundishwa hivyo miaka mingi. Mwaka 2004 wachunguzi wa chembe za urithi walionyesha kuwa duara halikufungika: walitokana na makundi mawili ya kale, wakatawanyika, wengine wakachanganyika njiani.

Hapa pwani, tunakoulizana kila leo nani Mswahili halisi, habari hiyo nilisoma mara mbili.

Ugomvi wa majina haujesha. Wako wanaomhesabu shakwe wa Heuglin kuwa aina yake mwenyewe, na wako wanaomweka kama tawi tu la shakwe mgongo-mweusi mdogo. Yeye kusi ikikaribia huondoka zake kurudi Urusi.