URWA BIN ZUBEIR NA MGUU WAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Huenda daktari amekuambia ni lazima upasuliwe, nawe umekumbuka kisa cha Urwa bin Zubeir, ukaogopa kwamba dawa ya usingizi itapunguza imani yako. Basi mjue vizuri mtu huyo.

Urwa alizaliwa Madina karibu na mwaka 23 Hijria (644). Baba yake ni Zubeir bin Awwam, mama yake ni Asma binti Abubakar, na Bibi Aisha ni mama yake mdogo. Kwa Bibi Aisha alipokea hadithi nyingi, hata akahesabiwa katika mafakihi saba wa Madina. Imepokewa kwamba kila siku alisoma robo ya Kurani, na usiku akasali nayo.

Alipokwenda Damasko kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik, mguu wake ukaanza kuoza. Matabibu wakasema ukatwe, ugonjwa usije ukapanda mwilini. Wakamletea kinywaji cha kumpoteza akili asisikie uchungu. Akakikataa, hakutaka kughafilika na Mola wake. Msumeno ukapita mfupani naye anamtaja Mwenyezi Mungu. Kidonda kilipochomwa kwa mafuta yanayochemka ili damu ikome, akazimia. Katika safari hiyo hiyo mwanawe Muhammad alipigwa teke na mnyama, akafa. Urwa akamshukuru Mungu kwa viungo na watoto aliobakiziwa. Alifariki karibu na mwaka 94 Hijria (713).

Ndugu yangu, tazama vizuri: Urwa alikataa kinywaji, hakukataa matibabu. Subira ile ni daraja yake, si sharti juu yako. Imamu An-Nawawi wa madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 1277, aliruhusu mgonjwa apewe dawa ya kuondoa akili ili kiungo kinachooza kikatwe. Hapa jirani, Unyoro, mwaka 1879 daktari Robert Felkin alimwona mganga akimpa mama mjamzito pombe ya ndizi kabla ya kumpasua tumbo. Wewe huletewi pombe. Unaletewa dawa, na wanachuoni wameipa ruhusa.

Basi usimwache mzazi wako wala mtoto wako afie nyumbani kwa kisingizio cha Urwa. Siku ikifika, tia udhu, sali, omba dua, kisha mpe daktari mkono wako. Ukizinduka, neno lako la kwanza liwe Alhamdulillahi.

Wabillahi tawfiq.