Samuel Ajayi Crowther: Mtumwa Aliyefanywa Askofu

Katika Afrika ya Magharibi, katika nchi iitwayo leo Nigeria, wanakaa Wayoruba, watu wengi wenye miji mikubwa tangu zamani. Yapata mwaka wa 1807, katika mji wao mmoja jina lake Osogun, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Ajayi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Ajayi mwenyewe, alipokuwa angali mdogo, alifuga kuku na kulima viazi vikuu, naye alijulikana kuwa mtoto mwenye bidii. Habari za Kristo zilikuwa hazijafika bado katika mji ule.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1821, watu walipokuwa wakitengeneza chakula, mji ulizingirwa na jeshi la watu waliotafuta watumwa. Wanaume wakashika silaha wakaenda bomani, lakini adui walikuwa wengi mno. Baba yake Ajayi aliwaambia watu wa nyumbani mwake wakimbie, kisha akarudi vitani, wala Ajayi hakumwona tena. Mama akatoka mbio na watoto wake kuelekea mwituni, wasifike mbali. Walikamatwa, wakafungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwenziwe, na mji wao ukateketezwa kwa moto. Wazee wa pwani ya Afrika ya Mashariki walisimulia habari kama hizo za misafara iliyoshuka Bagamoyo na Kilwa. Huko Magharibi taabu ilikuwa ile ile.

Haukupita muda mrefu Ajayi akatengwa na mama yake. Akauzwa mara nyingi, kutoka mkono huu hata mkono huu. Mara moja alibadilishwa kwa farasi, mara nyingine kwa tumbaku na pombe kali. Aliposikia ya kuwa huenda akauzwa kwa Wareno na kuvushwa bahari, moyo wake ulivunjika kabisa. Usiku alitamani kufa, hata akajaribu kujiua. Lakini Mungu, ambaye Ajayi alikuwa hajamjua, alimhifadhi.

Hatimaye alifikishwa Lagos, na tarehe 7 Aprili 1822 akapakiwa katika merikebu ya Wareno pamoja na watumwa wengine, jumla yao 187. Lakini Uingereza ilikuwa imekwisha kataza biashara ya watumwa kwa sheria tangu mwaka wa 1807, na manowari zake zilikuwa zikilinda bahari ile. Jioni ile ile manowari mbili ziliikamata merikebu ya Wareno, na watumwa wakaokolewa.

Walakini wao wenyewe hawakujua ya kuwa wameokolewa. Ajayi na wenzake wachache walipohamishiwa katika manowari, waliona nyama imetundikwa, na karibu yake vitu vyeusi vya mviringo vimepangwa kwa wingi. Wakadhani ya kuwa nyama ile ni ya wenzao waliochinjwa, na vitu vile ni vichwa vyao. Wakakaa kwa hofu kubwa. Hata walipotazama vizuri waliona miguu ya nguruwe, na vile walivyodhani ni vichwa vilikuwa risasi za chuma za mizinga. Ndivyo alivyo mtu aliyeonewa siku nyingi: huuogopa hata mkono unaomwokoa.

Watoto wale walishushwa Freetown katika nchi ya Sierra Leone. Huko walitunzwa na chama cha Church Missionary Society, ndicho chama kilichoanzisha mji wa Freretown karibu na Mombasa katika mwaka wa 1875, kwa ajili ya watumwa waliookolewa upande wa Mashariki. Ajayi akatiwa shuleni. Inasimuliwa ya kuwa siku ya kwanza, masomo yalipokwisha, alikwenda kuomba nusu peni anunue karatasi ya herufi iwe yake mwenyewe. Baada ya miezi sita aliweza kusoma Agano Jipya. Tena alifundishwa useremala, akajua kushika randa na msumeno sawasawa na kalamu.

Lakini kusoma Neno la Mungu si sawa na kuliamini. Ajayi hakubatizwa upesi. Kwa muda wa miaka mitatu na zaidi alisikiliza, akauliza, akajipima moyo wake. Hata akatambua jambo ambalo hakulijua siku ile manowari ilipomwokoa, nalo ni hili: kamba za shingoni zilikuwa zimekatwa, lakini ulikuwako utumwa mwingine mbaya zaidi, ndio utumwa wa dhambi, na wa kumtoa humo ni Kristo peke yake. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, jina la kasisi mmoja wa Uingereza. Jina la Ajayi hakulitupa.

Kwa wengine ubatizo huwa kama mwisho wa safari. Kwake ulikuwa mwanzo. Mwaka wa 1827 aliingia katika chuo kipya cha Fourah Bay, naye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa. Baadaye akawa mwalimu. Akamwoa Asano, aliyebatizwa kwa jina la Susan, msichana ambaye naye aliokolewa katika merikebu ya watumwa. Miaka mingi alifanya kazi ndogo ya kila siku ya kufundisha watoto kusoma, wala hakuna aliyejua atakuwa nani.

Katika mwaka wa 1841 Waingereza walituma merikebu tatu kupanda mto mkubwa wa Niger, wapate kufanya mapatano na wafalme wa huko kuhusu kukomesha biashara ya watumwa. Crowther alichukuliwa kwa sababu alijua lugha. Safari ile ilikuwa ya msiba. Homa iliwaua Wazungu makumi. Ndipo wengi walipofahamu ya kuwa Injili katika nchi hizo yapasa ichukuliwe na Waafrika wenyewe. Crowther akaitwa Uingereza kusoma zaidi, na katika mwaka wa 1843 akawekewa mikono kuwa shemasi, kisha kasisi. Aliporudi Freetown aliongoza ibada kwa Kiyoruba, na wazee waliotoka utumwani walisikia Neno la Mungu katika lugha ya mama zao.

Mwaka wa 1846 alifika Abeokuta, mji mkubwa wa nchi yake. Huko, katika mwezi wa Agosti, yalitimia mambo ambayo hakuthubutu kuyatumaini. Mama yake alikuwa yu hai, akikaa katika mji usio mbali. Habari zikamfikia mwanamke yule, akaja. Alipomwona mwanawe alitetemeka, asiweze kuyaamini macho yake. Wakashikana, wakatazamana kimya, na machozi yakatiririka katika mashavu ya mama yaliyokonda. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita tangu walipotenganishwa.

Lakini mama yake alikuwa angali akifuata dini ya wazee wake. Crowther hakumlazimisha, wala hakumwonea haya. Alikaa naye, akamheshimu, akamfundisha taratibu, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa. Mwezi wa Februari 1848 mama yule alibatizwa, mmoja wa malimbuko ya kanisa la Abeokuta, akaitwa Hana, kwa jina la mama yake Samweli wa Maandiko Matakatifu. Aliishi na mwanawe mpaka alipokufa mwaka wa 1883, mzee sana.

Kazi iliyochukua miaka mingi ya maisha ya Crowther ni kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Hakutaka maneno ya vitabuni tu. Aliwasikiliza wazee barazani na wanawake sokoni, akaandika mithali zao na maneno yao, apate neno lililo sawa kabisa. Mwaka wa 1862 moto uliteketeza nyumba yake katika mji wa Lagos, na pamoja nayo maneno na mithali alizozikusanya kwa miaka kumi na mmoja, na karatasi nyingi za tafsiri. Mtu mwingine angaliweka kalamu chini. Crowther alianza tena. Katika miaka ya 1880 Wayoruba wakapata Biblia nzima katika lugha yao.

Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury huko Uingereza, Samuel Ajayi Crowther aliwekwa wakfu kuwa Askofu, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana. Kanisa lilijaa watu. Miongoni mwao alikuwako nahodha wa manowari iliyomwokoa, ambaye sasa ni mzee mwenye cheo cha admirali, na mama mmoja Mwingereza aliyemfundisha herufi katika Sierra Leone. Mtoto aliyebadilishwa kwa farasi alipewa kundi la Kristo alichunge.

Alilichunga kwa muda wa miaka ishirini na saba, akipanda na kushuka mto Niger, pamoja na makasisi na walimu Waafrika. Alipokutana na wafalme Waislamu hakuwatukana, wala hakupenda mabishano. Walipomwuliza maswali, alifungua Biblia akajibu kwa upole.

Kisha likaja jaribu la mwisho. Katika miaka ya 1880 wamisionari vijana walitoka Uingereza. Ni kweli ya kuwa baadhi ya wasaidizi wa Askofu walikuwa wameanguka katika makosa, lakini vijana wale waliwahukumu kwa ukali wote pamoja, wenye hatia na wasio na hatia, wakamdharau na mzee mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1890, katika mkutano uliofanywa Onitsha, baadhi ya makasisi wake waliondolewa kazini, na neno la Askofu, mwenye zaidi ya miaka themanini, halikusikilizwa. Crowther alijiuzulu katika kamati ile. Lakini hakuliacha Kanisa, wala hakuiacha kazi ya Bwana wake. Alikwenda kuyatia nguvu makanisa ya mdomo wa mto, yapate kujitegemea. Tarehe 31 Desemba 1891 alifariki dunia katika mji wa Lagos. Aliyewekwa mahali pake alikuwa Mzungu, na miaka mingi ikapita kabla ya nchi ile kupata askofu Mwafrika mwenye mamlaka kama yake.

Walakini Mungu hasahau. Kanisa la Anglikana la Nigeria limekua likawa miongoni mwa makubwa kabisa katika ulimwengu. Na katika mwezi wa Juni 2014, miaka 150 baada ya Crowther kufanywa Askofu, ilifanywa ibada katika kanisa lile lile la Canterbury, ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake na ya kutubu kwa mabaya aliyotendewa.

Imani ya Crowther haikuwa kubwa tangu siku ya kwanza. Ilianza kwa karatasi ya herufi ya nusu peni. Ikakua kwa kusoma, na kwa kazi ya kila siku isiyosifiwa na watu. Ikakua katika kumfundisha mama kwa uvumilivu, na katika kuanza tena baada ya moto. Ikakomaa mzee alipodharauliwa asilipe ubaya kwa ubaya. Kijana aliyebatizwa jana asijidharau kwa kuwa imani yake ni ndogo kama mche. Mche hauulizwi kivuli. Huulizwa kama unaota. Na autie maji kila siku, kwa sala, kwa kusoma, na kwa kutenda mema, naye Mungu ataukuza.

Maswali

1. Kwa nini Ajayi na wenzake waliogopa walipoingia katika manowari?
2. Ajayi alitambua nini kabla ya kubatizwa?
3. Crowther alimfundishaje mama yake?
4. Moto wa mwaka wa 1862 uliharibu nini, naye alifanya nini baadaye?
5. Katika mambo yote yaliyompata Crowther, lipi lilikuwa jaribu kubwa kuliko mengine? Eleza sababu.