Muyaka bin Haji na Wapenzi Wake wa Barazani

Leo nimeazimia tuzungumze habari za Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mvita, pamoja na habari za watu waliompenda hata tungo zake zikatufikia. Mambo haya mawili hayaachani. Hakuna diwani ya mkono wake mwenyewe iliyotufikia. Lau si wapenzi wake, leo tungelijua jina tupu, na huenda hata jina tusingelijua.

Mimi nilimjua Muyaka kabla sijajua kwamba amekufa. Nilikuwa mtoto wa chuoni, juzuu mkononi, na kila baada ya magharibi wazee wa mtaa wetu wa Mji wa Kale walikaa kwenye baraza ya mawe, birika la kahawa katikati yao. Mmoja hutoa ukwapi, mwenziwe akajibu utao. Akiangusha mizani moja tu, hurudishwa mwanzo kama sisi tulivyorudishwa na mwalimu wetu tukikosea aya. Walimtaja Muyaka kama mtu aliyeteremka pwani mara moja kutazama jahazi, naye atarudi sasa hivi. Hapakuwa na mwenyekiti wala karani wala ada ya uanachama, lakini kilikuwa chama kamili cha mshairi mmoja.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa Mazrui, ambao asili yao ni Oman lakini waliokataa kumtii Sultani wa huko. Muyaka alikuwa mtu wao, na ulimi wake ulikuwa silaha yao. Tungo zake zinamwonyesha mtu aliyeijua bahari na soko, aliyepata akakosa, akapenda, akagombana nyumbani, akacheka. Ametunga juu ya kuoa, juu ya njaa, juu ya nyumba iliyobaki tupu, na juu ya kishindo kilichomo ndani ya ukimya.

Wataalamu husema Muyaka ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akautia sokoni. Mimi nakubali nusu. Ni kweli kwamba kabla yake sifa kubwa ilikuwa ya tenzi ndefu za dini, kama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Lakini nyimbo za gungu na za vita zilikuwapo zamani, na sokoni watu hawakuwa mabubu. Alilolifanya Muyaka ni kulichukua shairi la mistari minne, lenye mizani kumi na sita kila mstari, akalifanya libebe kila jambo la mjini. Ubeti mmoja ulitosha, nao ulishikika upesi, ukatembea mtaa hata mtaa bila kuhitaji karatasi.

Na mambo ya kutungiwa yalikuwa mengi. Yapata mwaka 1813 majeshi ya Mombasa na Pate yalikwenda kuipiga Lamu, yakavunjwa pale Shela. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, wakamwita Sayyid Said bin Sultan awalinde. Basi hapo ndipo bahari nzima ilipochafuka. Washairi nao walipigana vita vyao: Muyaka huku Mombasa, na kule Lamu Bwana Zahidi Mngumi. Mashairi yalipelekwa na kujibiwa kwa vina vile vile, na matusi yake yamefumbwa kwa adabu hata mtu huyacheka kwanza, kisha ndipo akahisi jeraha.

Mwaka 1824 Mazrui walipandisha bendera ya Waingereza ili kumzuia Sayyid Said. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Chini ya Salim bin Ahmed, Mombasa ilistahimili mashambulio mara kadhaa, na Muyaka aliusifu mji wake kama mtu asifuye mama. Salim alipofariki mwaka 1835, nyumba iligawanyika. Mwaka 1837 Ngome ikawa ya Sayyid Said, na wakuu wa Mazrui zaidi ya 20 wakakamatwa. Wengine walisafirishwa hadi Bandar Abbas, wasirudi tena. Muyaka aliishi hata kuyaona hayo, akafariki yapata mwaka 1840. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mji ulikuwa na mtawala mpya, na mashairi yake yalikuwa ya walioshindwa. Yangeweza kunyamazishwa. Lakini watu waliendelea kuyasema. Yapata miaka 40 baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi naye, alizikusanya tungo hizo kwa wazee waliozihifadhi vifuani. Alifanya kazi hiyo pamoja na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza, na pamoja na beti wakaandika maelezo ya visa vyake. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikavuka bahari, na leo zimo London. Kwa hizo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Baadaye Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akaandika kitabu kizima juu ya Muyaka, kilichotoka mwaka 1979.

Wazee wangu wa barazani hawakupenda kumtaja Taylor. Alikuja kuwahubiria watu wetu dini yake, na hilo halikusahauliwa. Mimi mwenyewe huona uzito kwamba nikitaka kuziona karatasi za malenga wa mtaani kwetu, sharti nipande ndege. Lakini sina haki ya kumlaumu aliyeandika, kwa maana mimi nilikuwa na nafasi ya kuandika na sikuandika.

Nilipokipata kitabu cha Hichens, nilikipeleka barazani. Mzee mmoja alisikiliza ninavyosoma, akatikisa kichwa. Ubeti mmoja, ambao mimi niliudhani wa mapenzi, yeye aliniambia una kisa cha Ngomeni, naye alikipata kwa babu yake. Nikamwomba anieleze. Akasema nije baada ya Idi, tukae kwa utulivu. Idi ikapita, nikawa na shughuli za gazeti. Nikasema wiki ijayo, kisha wiki ijayo. Siku niliyokwenda, nilikwenda kubeba jeneza.

Ubeti ule ninao moyoni mpaka leo, vina vyake vyote vimetimia. Kisa chake sinacho. Ikiwa yuko msomaji, wa Kibokoni au Kuze au popote alipo, ambaye kwao kulihadithiwa kisa cha ubeti wowote wa Muyaka, namwomba aniandikie. Na kama aliye nacho ni mzee, nitakuja mwenyewe, hata kesho.