Mkataa Kwao au Aliyekosa Kwao? Maisha ya Farrokh Bulsara, Aliyejulikana kama Freddie Mercury

Utangulizi

Timu inapotwaa kombe katika viwanja vya Kitale au Bungoma, si ajabu kusikia vipaza sauti vikitoa wimbo wa Kiingereza wa kuwasifu mabingwa, na vijana wa Kipsongo wakiufuatisha hata kama hawayajui maneno yake yote. Wimbo huo, We Are the Champions, ulitungwa mwaka 1977. Ni wachache miongoni mwa waimbaji hao wa uwanjani wajuao kwamba mtunzi wake alizaliwa Unguja, katika kitovu cha lugha tunayoisoma vyuoni.

Wahenga walisema kwamba mkataa kwao mtumwa. Walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni rahisi kumhukumu Freddie Mercury kwa methali hizi mbili, kwa sababu katika uhai wake hakupenda kukizungumzia kisiwa alikozaliwa, na maradhi yaliyomwua aliyatangaza siku moja tu kabla ya kufa. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa nia ya kuzipima hukumu hizo. Aidha, yanakusudia kuonyesha nafasi yake katika muziki wa roki ya saikedeliki na roki ya progresivu uliochipuka Ulaya katika miaka ya 1960, kwani pasipo muziki huo sauti yake isingepata umbo tunalolijua.

Kuzaliwa na Malezi

Farrokh Bulsara alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, Mji Mkongwe, Unguja. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu, chini ya serikali ya kikoloni ya Uingereza. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zarathustra, ambao mababu zao walihama Uajemi karne nyingi zilizopita wakalowea Gujarati nchini India. Jina la ukoo wao latokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Kwa hiyo, kabla mtoto huyu hajajifunza kutembea, ukoo wake ulikuwa umekwisha kuhama mara mbili: kutoka Uajemi hadi India, na kutoka India hadi Unguja.

Msomaji wa historia ya pwani hataona ajabu hapo. Waswahili wengi nao hujinasibisha na Shirazi, na sherehe za Mwaka Kogwa huko Makunduchi huhusishwa na mwaka mpya wa Kiajemi, ule ule unaoadhimishwa na Waparsi. Familia ya Bulsara haikuwa kitu kigeni katika mji huo. Ilikuwa uzi mmoja katika kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za namna hiyo hiyo.

Alipotimiza umri wa miaka 8, wazazi wake walimpeleka katika shule ya bweni ya St. Peter's, mjini Panchgani, katika milima iliyo kusini mashariki ya Bombay. Huko ndiko alikojifunza piano na ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Mwaka 1958 yeye na wanafunzi wenzake wanne waliunda bendi iliyoitwa The Hectics, wakawa wanaiga nyimbo za roki na roli zilizosikika redioni. Alikuwa na meno 4 ya ziada kinywani yaliyoyasukuma ya mbele yakachomoza, na wenzake hawakuacha kumtania. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na uwezo wa kuyang'oa, alikataa kwa kuhofia kwamba sauti yake ingebadilika.

Mapinduzi na Safari ya Uingereza

Farrokh alirejea Unguja mwaka 1963, mwaka ambao visiwa hivyo vilipata uhuru mnamo Desemba. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yalitokea Mapinduzi. Serikali ya Sultani Jamshid ilipinduliwa, na katika umwagaji damu uliofuata maelfu ya watu waliuawa, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kiasia. Wengine wengi walikimbia. Miongoni mwa waliokimbia ilikuwamo familia ya Bulsara, iliyofungasha mizigo michache na kuhamia Feltham, kitongoji cha magharibi ya London kisicho mbali na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana alikuwa na umri wa miaka 17.

Hapa ndipo methali ya kwanza inapoanza kuyumba. Mkataa kwao ni mtu mwenye kwao pa kukataa. Kijana huyu alikuwa ameishi bwenini ugenini kwa miaka minane hivi, akarudi nyumbani, na kabla hajapazoea tena, nyumbani pakawa mahali pa kukimbiwa. Hatusemi haya ili kuyahukumu Mapinduzi, ambayo yana historia yake ndefu ya dhuluma na utumwa. Twasema tu kwamba aliyeondoka akiwa amefuatana na wazazi wake kwa kuhofia maisha hawezi kuwekwa kundi moja na aliyepiga nyumba yake teke.

London ya Saikedeliki

Mji walioufikia ulikuwa ukichemka. Mnamo Septemba 1966 aliwasili huko mpiga gitaa Mmarekani, Jimi Hendrix, na Desemba mwaka huo ukafunguliwa ukumbi wa UFO, ambamo bendi ya Pink Floyd, ikiongozwa wakati huo na Syd Barrett, ilipiga muziki mrefu huku taa za rangi zikichezacheza juu ya wanamuziki. Muziki huo uliitwa wa saikedeliki, kwa maana ya kutaka kuipanua akili na kuufanya usikivu uwe kama ndoto. Mwaka 1967 Pink Floyd walitoa albamu yao ya kwanza, na Beatles wakatoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Kisha, mwaka 1969, King Crimson walitoa albamu iliyofungua ukurasa mwingine: roki ya progresivu, yaani roki iliyokataa umbo la wimbo mfupi wa dakika tatu, ikaazima mbinu kutoka muziki wa okestra na jazi, na kuugawa wimbo mmoja katika sehemu nyingi zenye mahadhi tofauti. Yes na Genesis walipita njia hiyo hiyo.

Tusidhani kwamba mawasiliano yalikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza ya Tremeloes iliurekodi Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka, mwanamuziki wetu mwenye asili ya Magharibi ya Kenya, na ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Wakati huo Farrokh alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing, alikosoma tangu 1966 hadi 1969. Katika chuo hicho alikuwa amesoma pia Pete Townshend wa bendi ya The Who. Farrokh alimhusudu Hendrix mno. Alihudhuria maonyesho yake mara nyingi na kumchora picha kadhaa.

Baada ya chuo aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Aliimba katika bendi ya Ibex, kisha Sour Milk Sea, ambazo hazikudumu. Mwaka 1970 alijiunga na Taylor pamoja na mpiga gitaa Brian May, na kwa pendekezo lake bendi yao ikaitwa Queen. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alikamilisha kundi mwaka 1971. Ndipo Farrokh Bulsara alipojipa jina la Mercury. Nembo ya bendi aliichora mwenyewe kwa kutumia alama za nyota za wanne hao.

Nyimbo za Sehemu Nyingi

Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka 1973, na ya pili, Queen II, mwaka 1974. Hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na roki ya progresivu. Pande zake mbili ziliitwa Upande Mweupe na Upande Mweusi, na nyimbo zote za Upande Mweusi zilitungwa na Mercury: malkia, mazimwi, na nchi ya kubuni ya Rhye ambayo yeye na dada yake Kashmira walikuwa wameiwaza walipokuwa wadogo.

Kilele cha utunzi wake kilikuwa Bohemian Rhapsody, uliotolewa Oktoba 1975. Wimbo huu unakaribia dakika 6. Hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti tupu za waimbaji, unaingia kwenye maombolezo ya mtu aliyeua, unapita katika opera, unalipuka kuwa roki nzito, kisha unazimika polepole. Sehemu ya opera pekee ilichukua takriban wiki 3 kurekodiwa, Mercury, May na Taylor wakizipandanisha sauti zao tatu mpaka zikasikika kama kwaya kubwa. Wakuu wa kampuni ya santuri waliona kwamba ni mrefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett aliupiga mara 14 katika mwisho wa wiki mmoja, na hatimaye ukaongoza Uingereza kwa wiki 9.

Ndani ya sehemu hiyo ya opera limo neno la bismillahi, ambalo mtoto wa Unguja hulisikia kila siku kabla ya mlo. Mercury hakupenda kuufafanua wimbo huu, nasi hatutamlazimisha. Hata hivyo, kwa maoni yetu, si jambo la sadfa tu kwamba mtu aliyehamishwa mara kadhaa kabla ya kufikisha miaka 18 aliupenda wimbo unaohama. Waingereza wengi waliopiga roki ya progresivu waliujifunza uhamaji huo katika santuri za okestra. Yeye alikuwa ameuishi. Kile ambacho hakukisema katika mahojiano twakihisi katika umbo la kazi yake.

Sifa na Doa

Si kila alilolifanya lilistahili sifa. Mnamo Oktoba 1984 Queen walipiga muziki Sun City, katika Bophuthatswana, nchi bandia iliyobuniwa na utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa uliliweka jina la bendi katika orodha ya wasanii waliokiuka mgomo wa kitamaduni. Kwa mtu aliyezaliwa Afrika, doa hilo halifutiki kwa urahisi. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, alisimama katika uwanja wa Wembley kwa takriban dakika 20 katika tamasha la Live Aid, lililoandaliwa kuwasaidia waathiriwa wa njaa ya Ethiopia. Wengi wanalihesabu onyesho hilo kuwa miongoni mwa maonyesho bora kabisa ya roki.

Maradhi na Kifo

Mercury aliishi kwa miaka kadhaa na Mary Austin, aliyebaki rafiki yake wa dhati hadi mwisho. Baadaye aliwapenda wanaume, na mwenzi wake wa miaka ya mwisho alikuwa Jim Hutton. Mwaka 1987 aligunduliwa kuwa na virusi vya ukimwi. Alinyamaza akaendelea kufanya kazi. Albamu ya Innuendo, iliyotoka mapema mwaka 1991, ilirekodiwa afya yake ikizorota, na katika wimbo wenye jina hilo, ulio mrefu na wenye sehemu nyingi kama zile za ujanani, Steve Howe wa bendi ya Yes alipiga gitaa la Kihispania. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana ukimwi. Alifariki kesho yake, nyumbani kwake Kensington, akiwa na umri wa miaka 45.

Mtu atasema kwamba methali ya pili imetimia. Tukumbuke, hata hivyo, mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya, aliyejitokeza hadharani mwaka 1989 akasema anao ukimwi, akatumia miezi yake ya mwisho kuwaelimisha vijana hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Ujasiri wa Lutaaya ulikuwa mkubwa kuliko wa Mercury, na ni haki kusema hivyo. Lakini sisi tulioishi ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon hatuna haki ya kumcheka aliyenyamaza. Kenya iliutangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini. Katika kipindi hicho wangapi walizikwa Trans Nzoia na Bungoma huku matanga yakitaja kifua kikuu, malaria au uchawi? Kifo hakikumwumbua Mercury peke yake. Kiliiumbua jamii iliyomfanya mgonjwa aogope kusema.

Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa Kizarathustra kwa sala za kale za Kiajemi. Aliyedhaniwa kuwa amekwisha kuitupa asili yake aliagwa kwa lugha ya mababu zake.

Hitimisho

Mwaka 2006 mipango ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipingwa Zanzibar na jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho, kwa hoja kwamba maisha yake yalikwenda kinyume na maadili, na sherehe ikafutwa. Mnamo Novemba 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Mji Mkongwe. Baina ya miaka hiyo miwili kisiwa kilikuwa kikijiuliza swali ambalo sisi pia hatuna budi kulijibu: mtu huyu ni wetu?

Hakuandika kwa Kiswahili, na itakuwa uongo kumwingiza katika historia ya fasihi yake. Lakini kuwa wa mahali si tuzo apewayo mtu kwa tabia njema, wala si haki inayofutwa na bahari. Kipsongo imejaa familia za asili ya Kiturkana ambazo kila siku huulizwa zimetoka wapi, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafurusha watu Trans Nzoia kutoka mashamba waliyoyaita kwao. Mtoto wa watu kama hao akikua akanyamaza kuhusu alikotoka, tusiharakishe kumwita mkataa kwao. Tumwulize kwanza ni nani aliyeufunga mlango.