Luteni Henry Moseley: Mtu Aliyezipa Elementi Namba Zake

Wapiganaji wenzetu pamoja na ndugu zetu wa jeshi la polisi wamezoea kusoma habari za majemadari, yaani watu walioongoza maelfu ya askari na ambao sanamu zao zimesimamishwa katika miji mikuu. Leo tumeona vema tuwaletee maisha ya luteni usu mmoja wa mawasiliano, ambaye hakuteka mji wala kilima, na ambaye hakukaa vitani hata miezi miwili kabla ya kuuawa. Jina lake ni Henry Gwyn Jeffreys Moseley. Hata hivyo, popote duniani ambapo kitu hupimwa kwa miale ya eksirei ili kijulikane kimefanyizwa kwa nini, kazi hiyo hufanyika kwa kanuni aliyoivumbua kijana huyo katika miaka ya 1913 na 1914.

Moseley alizaliwa tarehe 23 Novemba, 1887, katika mji wa Weymouth, kusini mwa Uingereza. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa nyumba ya elimu. Baba yake, Henry Nottidge Moseley, alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford na mmoja wa wataalamu waliosafiri katika meli ya Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876 kuchunguza viumbe na vilindi. Baba huyo alifariki mwaka 1891, naye Henry akiwa bado mtoto wa miaka mitatu. Mama yake, Amabel, ndiye aliyemlea, na hakuwa mtu wa hivi hivi: mwaka 1913 alikuwa bingwa wa wanawake wa Uingereza katika mchezo wa sataranji. Kijana alisoma Eton kwa msaada wa masomo aliojishindia kwa mitihani, kisha mwaka 1906 akaingia Chuo cha Trinity, Oxford. Alipomaliza mwaka 1910 alipata shahada ya daraja la pili, jambo lililomsikitisha mno, kwa kuwa alitazamia la kwanza.

Mwaka huo huo alikwenda Manchester kufanya kazi chini ya Profesa Ernest Rutherford, bingwa wa elimu ya atomi, ambaye mwaka 1911 alitangaza kwamba atomi ina kiini kidogo mno katikati yake. Wale waliofanya kazi na Moseley walimkumbuka kuwa mtu asiyejua saa ya kulala. Ilisemwa kuwa moja ya elimu zake za pekee ilikuwa kujua ni wapi mjini Manchester mtu angeweza kupata chakula saa tisa za usiku. Sisi tunaokesha lindoni tunaielewa elimu hiyo.

Hapa inatupasa kueleza hali ya mambo ilivyokuwa. Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, lakini kwa muda wa miaka kumi na saba hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika kama miale hiyo ni mawimbi kama ya nuru au ni chembe. Mwaka 1912, mjini Munich, Max von Laue na wenzake walionyesha kuwa miale hiyo ikipitishwa katika fuwele, yaani jiwe lenye atomi zilizopangwa safu kwa safu kama askari katika gwaride, hutawanyika kwa namna ambayo mawimbi peke yake huweza kutawanyika. Punde si punde Waingereza wawili, baba na mwana, William Henry Bragg na William Lawrence Bragg, walipata njia ya kutumia fuwele kupima urefu wa wimbi la eksirei kwa kutazama pembe ambayo miale hiyo inarudishwa. Moseley aliposikia hayo alitaka kuingia katika uwanja huo mara moja. Rutherford mwanzoni alisita, kwa sababu katika maabara yake hapakuwa na mjuzi wa kazi hiyo. Lakini kijana hakukata tamaa. Alikwenda Leeds kwa Bragg mzee kujifunza, akarudi, na pamoja na mwenzake Charles Galton Darwin, mjukuu wa Darwin yule mashuhuri, akaanza kazi.

Swali alilojiwekea lilikuwa fupi. Elementi zote, kama chuma, shaba, dhahabu na kadhalika, zilikuwa zimepangwa katika jedwali lililotungwa na Mrusi Mendeleyev mwaka 1869, kwa kufuata uzito wa atomi. Kila elementi ilikuwa na namba ya mahali pake, lakini namba hiyo ilikuwa kama namba ya mtu katika foleni tu: haikusema lolote juu ya mtu mwenyewe. Tena mpango huo ulikuwa na kasoro. Kobalti ni nzito kuliko nikeli, lakini kwa tabia zake ilipasa kutangulia. Mwanasheria mmoja Mholanzi, Antonius van den Broek, alikuwa amedokeza kwamba namba ya mahali huenda ndiyo kiasi cha umeme ulio katika kiini cha atomi. Lilikuwa dokezo tu. Moseley alitaka kulithibitisha au kulivunja kwa vipimo.

Chombo alichokiunda kinastahili kuelezwa, kwa maana ndicho kilichomwezesha kuwapita wengine. Ili elementi itoe eksirei zake yenyewe, ni lazima ipigwe na elektroni ndani ya bomba lililoondolewa hewa. Kwa kawaida mtu alipotaka kubadili shabaha, kutoka chuma kwenda shaba kwa mfano, ilimbidi afungue bomba, abadilishe, kisha apige pampu upya hadi hewa yote itoke. Moseley alitengeneza reli ndogo ndani ya bomba refu la kioo, akaweka juu yake kitoroli kilichobeba vipande vya elementi mbalimbali kwa mstari, akakifunga kwa nyuzi za hariri upande huu na upande huu. Alipozizungusha nyuzi hizo, shabaha nyingine ilijongea mbele ya elektroni na hewa isiingie hata kidogo. Aliyewahi kuhudumu katika uwanja wa shabaha atauona ujanja huo mara moja. Miale iliyotoka ilipita katika ufa mwembamba, ikapiga fuwele, ikarudishwa kwa pembe yake na kuacha mistari katika bamba la picha. Hesabu zilizobaki zilifanywa kwa penseli na karatasi.

Matokeo ya kwanza yalitangazwa Desemba, 1913. Alikuwa amepima elementi kumi kati ya kalsiamu na zinki. Kila alipopanda hatua moja katika jedwali, mstari wa elementi ile ulisogea kwa hatua iliyo sawa, kama ngazi iliyojengwa na fundi mmoja. Kipeuo cha pili cha masafa ya mawimbi hayo kilifuata namba ya mahali, wala hakikufuata uzito. Kobalti ikakaa 27 na nikeli 28, na ubishi ukaisha.

Msomaji anaweza kuijaribu kanuni hiyo mwenyewe. Chukua namba ya chuma, ambayo ni 26. Toa moja, zinabaki 25. Zidisha 25 kwa 25 upate 625, kisha zidisha kwa 10.2. Jibu ni 6,375, nayo ni nguvu ya mwale mkuu wa chuma kwa kipimo cha elektroni-volti. Vyombo vya leo hutoa karibu 6,400. Ni nadra kuona hesabu fupi namna hiyo ikifika karibu hivyo na kweli.

Mwishoni mwa 1913 Moseley alirudi Oxford, ingawa Rutherford alitaka abaki Manchester. Huko Oxford alipewa nafasi ya kufanyia kazi tu, bila mshahara. Aprili, 1914, alitangaza sehemu ya pili, safari hii akianzia aluminiamu na kwenda hadi dhahabu. Sasa ilidhihirika kwamba mahali fulani katika foleni palikuwa patupu: namba 43, 61 na 75 hazikuwa na mwenyewe. Kabla yake, hapana aliyeweza kusema kwa hakika ni elementi ngapi bado hazijaonekana. Mkemia mashuhuri wa Ufaransa, Georges Urbain, aliyetumia miaka mingi kutenganisha madini adimu, alimletea sampuli zake mwaka huo, na akastaajabu kuona kijana huyu akizitambua katika siku chache tu.

Katikati ya 1914 alisafiri pamoja na mama yake kwenda Australia kuhudhuria mkutano wa wanasayansi wa Uingereza. Vita Kuu ikatangazwa mwezi Agosti. Moseley alitimiza wajibu wake mkutanoni, kisha akaharakisha kurudi nyumbani na kujiandikisha katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, Royal Engineers. Hakuna aliyemshurutisha, wakati huo Uingereza haikuwa na sheria ya kuwaita watu jeshini kwa lazima. Alifundishwa kazi ya mawasiliano, akawa ofisa wa mawasiliano wa Brigedi ya 38, Divisheni ya 13. Juni, 1915, aliondoka Uingereza kuelekea Gallipoli, rasi ya Uturuki ambayo majeshi ya Waingereza na washirika wao yalikuwa yameishambulia tangu tarehe 25 Aprili. Akiwa vitani aliandika wosia, akiiachia mali yake Jumuiya ya Kifalme ya London, yaani Royal Society, itumike kwa utafiti wa majaribio.

Mwanzoni mwa Agosti brigedi yake ilipelekwa katika vilima vya Chunuk Bair. Usiku ule njia zilipotea, makorongo yalikuwa mengi, na alfajiri ya tarehe 10 askari walijikuta katika uwanda mdogo ulioitwa Shamba, chini ya kilele. Alfajiri hiyo Waturuki, wakiongozwa na Kanali Mustafa Kemal, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Uturuki, waliteremka kwa wingi kutoka juu. Mkuu wa brigedi, Jenerali Baldwin, aliuawa. Moseley alipigwa risasi ya kichwa alipokuwa akipeleka amri kwa simu. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Habari hizo zilipofika Uingereza, Rutherford aliandika kwa uchungu mkubwa kwamba taifa limepoteza mtu ambaye angelifaa zaidi katika maabara kuliko katika handaki. Tangu siku hiyo wengi wamekuwa wakirudia shutuma hiyo, na wengine hata hutaka kumlaumu Moseley mwenyewe. Sisi tulio jeshini hatukubaliani na hao wa mwisho. Ofisa kijana aliyeacha maabara akaenda mstari wa mbele pamoja na wenzake hana la kulaumiwa, na simu aliyokuwa ameishika ilikuwa kazi ya lazima. Lawama, kama ipo, iko kwa wale waliogawa watu. Maana ushahidi wa njia nyingine ulikuwako mwaka ule ule. Lawrence Bragg, yule mwana, alikuwa ofisa wa mizinga. Mwaka 1915 aliitwa akapelekwa Ufaransa kuunda vyombo vya kusikiliza mlio wa mizinga ya adui kutoka sehemu mbalimbali, ili kwa tofauti ya nyakati ijulikane mzinga uko wapi. Darwin naye alifanya kazi hiyo. Walivaa magwanda, walikaa karibu na adui, na bado ujuzi wao ulitumika. Kinachotuuma ni kwamba katika makao makuu hapakuwa na daftari la kuonyesha kuwa luteni fulani wa simu katika Brigedi ya 38 alikuwa mmoja wa mafundi wachache mno duniani wa vipimo vya eksirei. Bragg huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya 1915 pamoja na baba yake. Mdogo wake, Robert, naye alikufa Gallipoli. Moseley alikuwa amependekezwa kwa Tuzo ya Nobel mwaka huo huo wa kifo chake.

Foleni aliyoiacha ilijazwa na wengine. Namba 72 ilipatikana Copenhagen mwaka 1923 kwa mistari ya eksirei, namba 75 Ujerumani mwaka 1925, namba 43 Italia mwaka 1937, na namba 61 Marekani mwaka 1945.

Siku hizi eksirei kali mno hutoka katika mitambo iitwayo sinkrotroni, ambamo elektroni huzungushwa katika duara kubwa kwa kasi inayokaribia ya nuru, na kila zinapopindwa na sumaku hutoa miale. Mmoja huko Grenoble, Ufaransa, una mzingo wa mita 844. Mwingine, Diamond, uko kusini mwa Oxford, mwendo mfupi kwa gari kutoka maabara aliyofanyia kazi bila mshahara. Pahali pa bamba la picha pana kipokezi cha silikoni, na pahali pa penseli pana kompyuta yenye programu kama PyMca, iliyotungwa Grenoble, ambayo hutenganisha mistari ya kila elementi na kuchora ramani ya mahali ilipo katika sampuli.

Askari wa upelelezi watapenda kujua mtego mmoja. Mwale mkuu wa aseniki, sumu ya wauaji wengi, una elektroni-volti 10,544, na ule wa risasi, hayo madini yenye jina moja na kile kitokacho katika bunduki, una 10,551. Vipokezi vya kawaida haviwezi kutofautisha pengo la saba. Fundi asiyeangalia aweza kuona sumu mahali palipo na chembe ya risasi tu, au kinyume chake. Kwa hiyo programu hutafuta mistari midogo ya pembeni, karibu na 11,726 kwa aseniki na 12,614 kwa risasi, na hiyo ndiyo inayotoa hukumu.

Mwaka 2017 sinkrotroni ya kwanza ya Mashariki ya Kati, SESAME, ilifunguliwa nchini Jordan, na Uturuki ni mmoja wa wanachama wake. Huko nako hupima kwa mistari ya Moseley. Yeye mwenyewe hana kaburi linalojulikana. Jina lake limeandikwa pamoja na maelfu ya wenzake katika ukuta wa kumbukumbu wa Helles, kwenye ncha ya rasi ya Gallipoli.