Salme binti Said: Uandishi kama Tiba ya Moyo

Madhumuni ya makala haya mafupi ni kuutazama upya wasifu wa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan wa Unguja, kwa kuuliza swali moja: je, sanaa humponya aliyeumia, au humpatia tu pahala pa kuliweka jeraha lake?

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Baadaye aliishi pia Beit al-Sahel, katika pwani ya Mji Mkongwe iendayo Malindi. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili maumbo ya herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia mpaka mkono ukazoea.

Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, muda mfupi baada ya kufiwa na mama yake kwa kipindupindu, aliingizwa katika njama za nduguye Barghash dhidi ya Sayyid Majid, na kalamu yake ndiyo iliyoandika barua za njama hizo. Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa mjini Aden kwa jina la Emily, wakaoana. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1870 Ruete naye alifariki mjini Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwachia mjane watoto watatu wadogo.

Akiwa amechoka mwili na roho, na akidhani kwamba hataishi hadi wanawe wakue, Salme alianza kuwaandikia habari za Unguja ya utoto wake. Kumbukumbu hizo zilichapishwa Berlin mwaka 1886. Aidha, aliandika barua ndefu za majonzi ya ugenini kwa rafiki wa nyumbani asiyetajwa jina. Barua hizo zilichapishwa baada ya kufa kwake.

Kwa mtazamo wa isimu, jambo hili lastahili kuzingatiwa. Barua za kwenda nyumbani ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo haikuwa ya watu wa huko nyumbani. Kwa hiyo yamkini msikilizaji wake wa kweli alikuwa nafsi yake mwenyewe.

Hata hivyo, tiba hiyo ilikuwa na mipaka. Alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888, lakini nduguze waliotawala hawakumpokea, wala hakupewa urithi aliodai. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

Kwa kuhitimisha, twaweza kusema kwamba kalamu haikumrejesha Salme kwao. Ilimwezesha kuishi bila ya kurejea, na hiyo nayo ni namna ya kupona.